Maji yaliyogeuka njano: kuchubua kromu kwenye koki za nyumbani

SWALI: Mzee, nakuandikia kutoka Jinja. Mimi na mume wangu tumenunua nyumba ya zamani, zile zilizojengwa na Wahindi. Bafuni kuna koki mbili za sinki za tangu zamani, koki ya shawa iliyowekwa juzijuzi na mwenye nyumba aliyetuuzia, na reli ya taulo. Kote kromu inabanduka, na pale ilipotoka naona njano. Njano hiyo naipenda, nataka nichubue kromu yote ibaki shaba. Natengeneza sabuni, kwa hiyo kostiki ninayo. Fundi akaniambia tutumie kostiki, chumvi na chaja ya betri ya gari. Jana tulijaribu kulabu moja ya kuning'inizia nguo, ndani ya beseni uani. Kromu imetoka kweli, ila maji yamegeuka njano. Kijana wangu anasema ingefaa asidi ya choo, ameona kwenye video. Njia ipi ni salama? Nina mtoto wa miaka miwili.

JIBU: Dada yangu, koki zitasubiri. Tuanze na hilo beseni. Kama bado liko uani, kazi yako ya leo ni hiyo tu.

Usilimwage. Usimwage kwenye mtaro, wala chooni, wala kwenye migomba nyuma ya nyumba. Chomoa chaja ukutani kwanza, ndipo uguse waya zilizo kwenye maji, kwa sababu kazi ile hutoa gesi ya haidrojeni na cheche moja ya waya inatosha kuiwasha. Mtoe mtoto uani na ufungie kuku. Vaa glavu ndefu za mpira na miwani, zilezile unazovaa unapochanganya kostiki yako, kisha hamisha maji polepole kwa faneli hadi kwenye jerikani ya plastiki yenye mfuniko wake. Usiijaze hadi juu. Mfuniko uache umelegea kwa siku ya kwanza ili gesi itoke, halafu ukaze. Beseni lisuuze kwa maji machache, na maji hayo nayo yaingie kwenye jerikani hiyo hiyo. Andika SUMU kwa herufi kubwa pande zote mbili, uifungie stoo kwa kufuli. Jerikani hiyo isichotewe tena maji wala mafuta, na beseni lisirudi kwenye sabuni. Najua beseni ni hela, lakini libaki na kazi hiyo ya uchafu.

Mwambie kijana asijaribu kumimina asidi ya choo ndani yake ili "kuua" kostiki. Mlitia chumvi. Umeme unapopita kwenye maji ya chumvi hutoa klorini, na klorini ikikutana na kostiki hugeuka kuwa dawa ileile iliyomo kwenye Jik. Ukiitilia asidi, klorini yote hupanda kwa mara moja. Ni gesi iliyotumika vitani kuua watu mwaka 1915, na kwenye bafu lililofungwa haihitaji kuwa nyingi.

Sasa nikueleze kwa nini nimeshtuka niliposoma neno "njano".

Kromu ni metali inayoitwa kwa jina la rangi. Mwaka 1797 Mfaransa Louis-Nicolas Vauquelin aliipata ndani ya jiwe jekundu lililotoka Siberia, na kwa sababu kila alichokitengeneza nacho kilitoa rangi tofauti, ikapewa jina linalotokana na neno la Kigiriki lenye maana ya rangi. Kijani cha zumaridi ni kromu, wekundu wa yakuti ni kromu. Kwetu mafundi wa kupaka metali, rangi hizo ndizo zinazotuambia tumesimama wapi. Kromu ikiwa metali, ile inayong'aa kwenye koki, haidhuru mtu. Unaweza kuigusa na kunywa maji yaliyopita chini yake maisha yako yote. Ikiyeyuka kwenye asidi hutoa maji ya kijani. Hiyo ni kromu ya hali ya tatu, si kitu cha kuchezea lakini sumu yake ni ndogo. Ikiyeyushwa kwa umeme ndani ya kostiki hutoa njano. Njano hiyo ni kromu ya hali ya sita, na hapo tunazungumzia kitu kingine kabisa: kinachochimba mashimo kwenye ngozi, kinachotoboa ukuta kati ya matundu ya pua, na ambacho Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limekiweka kwenye kundi la kwanza, kundi la vitu vilivyothibitishwa kuwa vinaleta saratani kwa binadamu. Saratani yenyewe ni ya mapafu.

Huenda fundi akasema ile njano ni kutu tu. Kuna njia rahisi ya kujua bila kugusa chochote. Yaache maji yatulie usiku kucha. Kutu huwa ya kahawia na huzama chini kama tope, maji ya juu yakabaki meupe. Kromu ya hali ya sita haizami. Asubuhi utakuta maji ni safi ya kuona hadi chini, na bado ni ya njano. Ukiyakuta hivyo, usitafute maelezo mengine.

Najibu kwa ukali kidogo kwa sababu nimeyaona. Nikiwa kijana nilifanya kazi kwenye karakana moja ya Kampala, ya kupaka kromu vyuma vya pikipiki na viti. Tangi lilikuwa wazi, dirisha moja, hakuna feni ya kuvuta moshi. Wenzangu watatu walikuwa wakipumua unasikia filimbi nyembamba puani. Tulidhani ni mafua ya kudumu. Ilikuwa hewa inapita kwenye tundu lililotobolewa katikati ya pua, na hawakusikia maumivu yoyote lilipokuwa linatoboka. Mimi nina alama mbili za mviringo juu ya vidole, kila moja ukubwa wa punje ya mtama, pale palipokuwa na mikwaruzo midogo siku nilipoosha vyuma bila glavu. Vidonda hivyo havikuuma, na vilichukua miezi kupona. Kwa hiyo mtazame fundi wako mikono. Akiwa na kidonda kidogo chenye kingo zilizoinuka kisichotaka kufunga, au pua imeanza kutoa damu, aende hospitali na aseme kwa kinywa chake kwamba alishika kromu. Daktari asipoambiwa hatakisia. Kama maji yale yalimrukia yeyote, ni kuosha kwa maji yanayotiririka kwa dakika 20 kamili ukitazama saa, na kama yameingia jichoni, kuosha hivyo hivyo kisha hospitali. Mtu akimeza asitapishwe. Apelekwe mara moja.

Utaniuliza: kulabu moja tu, kuna kromu kiasi gani pale? Nimekupigia hesabu ya koki moja, maana ndiko mlikokuwa mnaelekea. Kromu ya urembo ni nyembamba sana, kama mikroni 0.3 hivi (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), unywele wa kichwani kwako una mikroni 70 au zaidi. Koki ya sinki ina eneo la sentimita za mraba 200 ukijumlisha mashavu na shingo. Ukizidisha, unapata kromu ya uzito wa milligramu 40 na ushee. Ni chembe. Lakini Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha kromu kwenye maji ya kunywa kuwa milligramu 0.05 kwa lita. Gawanya. Chembe ile ya koki moja inatosha kuharibu zaidi ya lita 800, yaani jerikani 40 za lita 20. Sasa fikiria kisima cha jirani, au mtaro unaoteremka ziwani. Sisi wa Kampala tunalijua hilo vizuri: mfereji wa Nakivubo hubeba uchafu wa karakana zetu hadi ghuba ya Murchison, na kwenye ghuba hiyo hiyo mitambo ya Ggaba huvuta maji tunayokunywa. Wewe uko Jinja, Nile inapoanzia safari yake.

Jerikani yako basi iende wapi? Piga simu NEMA, mamlaka ya mazingira, au nenda kwa afisa mazingira wa jiji la Jinja, umweleze ni maji ya kromu ya hali ya sita ndani ya kostiki, lita ngapi, na yamehifadhiwaje. Sheria ya mazingira ya mwaka 2019 inakataza kumwaga taka hatari ovyo, kwa hiyo ni heri uende mwenyewe kuuliza namna ya kuiondoa. Mkemia mwenye maabara anaweza kuyatibu: huyashusha ukali, huyatilia chumvi ya chuma inayoitwa ferasi salfeti hadi njano igeuke kijani, kisha hutia chokaa na kromu yote huzama kama tope. Nimekuandikia hilo ujue kwamba dawa ipo. Nisingependa uijaribu jikoni, kwa sababu hatua ya kushusha ukali ndiyo ile ya kukutanisha asidi na klorini.

Sitamlaumu fundi wako kwamba amejitungia. Viwandani njia ya kostiki na umeme ipo kweli, na inapendwa kwa sababu huvua kromu bila kula chuma cha chini. Ila kule tangi lina kofia ya kuvuta hewa, na maji yana mahali pa kutibiwa. Vipovu vinavyopanda juu ya beseni ndivyo vinavyoleta balaa: kila kipovu kikipasuka hurusha ukungu mwembamba usioonekana, na ukungu huo una njano ile ndani yake. Aliyeinama kutazama kama kromu imeshatoka ndiye anayeuvuta. Na chumvi hata viwandani hawaitii. Hiyo ni nyongeza ya mtaani.

Sasa tuje kwenye koki.

Njano unayoipenda yaweza isiwe shaba. Hili ndilo kosa la kwanza la watu wengi. Chini ya kromu ya urembo karibu daima kuna nikeli, nene kuliko kromu mara kumi hadi hata mara mia, na ndiyo inayofanya kazi ya kuzuia kutu. Nikeli ina umanjano hafifu, kama chai ya maziwa mengi. Kromu ikiisha kwa kusuguliwa miaka mingi, unachokiona ni nikeli. Kromu ikibanduka vipande vyenye kingo kali, mara nyingi imeondoka pamoja na nikeli yake, na hapo unaona metali ya mwili wenyewe. Mwili huo unaweza kuwa shaba ya njano (shaba nyekundu iliyochanganywa na zinki), chuma, zinki iliyoyeyushwa ikamiminwa kwenye kalibu, au hata plastiki. Kabla hujajua ni ipi, usiguse kitu.

Chukua sumaku ya spika ya redio mbovu. Ikinata kwa nguvu, ndani ni chuma. Reli yako ya taulo nina hakika itanata. Kisha fungua kishikio cha koki ya shawa, utazame upande wa ndani usiopakwa vizuri, ukwaruze kidogo kwa ncha ya msumari. Ukiona njano iliyokolea, ni shaba ya njano. Ukiona wekundu kidogo halafu kijivu kisichong'aa, ni zinki: viwandani hutanguliza shaba nyekundu juu ya zinki kwa sababu zinki ikitumbukizwa moja kwa moja kwenye maji ya nikeli inaliwa. Hata uchafu unaochomoza unasema. Unga mweupe na malengelenge ni zinki inayooza. Madoa ya kahawia ni chuma. Ukijani ni shaba.

Na wewe mwenye mizani ya sabuni una kipimo ambacho mafundi wengi hawana. Pima uzito wa kishikio kikiwa kikavu. Jaza kikombe maji hadi ukingoni, kiweke ndani ya bakuli, uzamishe kishikio, kisha pima maji yaliyomwagika. Gawanya uzito wa kishikio kwa uzito wa maji hayo. Ukipata karibu na 8.5 ni shaba ya njano. Ukipata karibu na 6.6 ni zinki. Ukipata moja na kidogo ni plastiki, na hiyo ungeijua kwa wepesi wake hata bila mizani. Kitu chenye uwazi ndani kihakikishe kimejaa maji, hewa isikae, la sivyo hesabu itakudanganya.

Nikikisia kwa umri wa nyumba, koki zako mbili za sinki ni shaba ya njano nzito, kazi ya zamani. Hizo zinafaa kufanywa unachotaka. Koki ya shawa mpya, vishikio vyake karibu hakika ni zinki au plastiki. Zinki usiichubue kwa njia yoyote. Kwenye asidi itachemka kama magadi ndani ya limau, kwenye kostiki pia inaliwa, na hata ukifanikiwa utabaki na kitu cha kijivu kinachotoa unga kila mwezi. Nunua vishikio vipya, au koki nzima. Zile za plastiki zinazobanduka zibadilishe upesi zaidi, maana ganda lake hukata kidole kama wembe, na mtoto wa miaka miwili hushika kila kitu.

Reli ya taulo usiichubue pia. Chuma bila nikeli kitaota kutu ndani ya wiki mbili za hewa ya bafuni. Badala yake kunja karatasi ya fedha ya kufungia chakula iwe donge, ichovye kwenye maji, usugue madoa ya kahawia. Karatasi ile ni laini kuliko kromu, haikwaruzi, lakini kutu inang'oka. Nimewaonyesha watu wa bodaboda hili kwenye ekzosi na rimu zao, na kila mara wanashangaa kwamba halihitaji dawa ya dukani. Kausha, paka nta ya viatu isiyo na rangi au ya gari, basi. Palipobanduka sana, piga msasa laini na upake rangi ya chuma.

Asidi ya kijana sasa. Ya choo na ya kusafishia vigae mara nyingi ni asidi ileile, haidrokloriki, zinatofautiana nguvu tu. Ni kweli inakula kromu, na hutoa kijani badala ya njano, kwa hiyo kwa upande wa kromu ni afadhali kuliko ya fundi. Lakini ina tabia ya hila. Kromu ina ngozi nyembamba inayoilinda, kwa hiyo unaweza kukaa dakika kumi huoni kitu, ukaongeza asidi, halafu ngozi ikapasuka na yote ikachemka kwa pamoja. Mvuke wake unakata pumzi na utaotesha kutu kila chuma kilicho chumba kile, hadi bawaba za mlango. Na shaba ya njano hutoka na mabaka ya waridi, kwa sababu asidi imenyonya zinki iliyo ndani yake na kuacha shaba nyekundu. Isitoshe, utabaki na maji ya kromu na nikeli ambayo nayo hayamwagwi. Fundi mwenye karakana, aliye na tangi na mahali pa kutibia maji, na afanye. Ukienda kwake muulize swali moja tu: maji yakichoka unayapeleka wapi? Akikuonyesha mtaro kwa kidole, ondoka na koki zako.

Na moto usiwepo kabisa. Wapo wanaoshauri kuchoma koki kwa gesi ya kuchomelea hadi ganda lifure. Moshi wa zinki iliyo ndani ya shaba ya njano humletea mtu homa ya kutetemeka usiku huo, na kromu na nikeli zilizopata moto mkali hutoa moshi usiofaa pafu la mtu. Grinda vilevile, inarusha vumbi mbali sana na mwenye kuishika.

Kilichobaki ni njia ya polepole, na ndiyo ninayokushauri: msasa wa maji na mkono wako.

Koki itoke ukutani kwanza. Funga valvu iliyo karibu na mita ya maji, na kama una tangi juu ya mnara funga na ya tangi, kisha fungua koki ya chini kabisa maji yaishe kwenye bomba. Ziba tundu la sinki kwa kitambaa, kwa sababu skrubu ya kishikio hupenda kuangukia humo. Hapa nataka utulie. Nyumba za umri huo mara nyingi zina mabomba ya chuma ndani ya ukuta, na nyuzi zake zimeganda. Ukiweka spana moja kwenye koki ukavuta kwa nguvu zote, koki haitazunguka. Litazunguka bomba ndani ya ukuta, litapasuka, na utavunja vigae vya miaka 60 kulitafuta. Weka spana mbili: moja ishike kiungo kilicho ukutani kisitikisike, nyingine izungushe koki. Tia mafuta ya kulegeza nyuzi jana yake, sio dakika tano kabla. Funga kitambaa kinene kati ya taya la spana na koki. Kama baada ya hayo haitoki, iache palepale uifanyie kazi ikiwa ukutani. Mshindo wa nyundo hauna faida yoyote.

Fanyia nje, kwenye kivuli, mtoto akiwa amelala au yuko kwa bibi yake. Tandaza magazeti. Vaa glavu, miwani na barakoa ya vumbi, ingawa ukifanya kwa maji vumbi halitakuwepo. Palipobanduka, vua magamba kwa kibanzi cha mbao au plastiki, usitumie kucha. Kisha msasa wa maji namba 320, uchovye kwenye kopo la maji yenye sabuni, sugua kingo hadi zilale. Kromu ni ngumu kuliko kisu chako cha jikoni, kwa hiyo mwanzoni utaona haiendi. Msasa ukishaipita ukaingia kwenye nikeli utasikia mkono unabadilika. Shughuli hiyo kwa koki moja ni ya nusu siku. Malizia na namba 600, halafu 1000.

Mimi ningesimama kwenye nikeli popote iliposhika vizuri. Ukifikia pale utaona rangi ya joto, nyeupe yenye umanjano, hivyo ndivyo koki zilivyokuwa kabla kromu ya urembo haijaenea miaka ya 1920. Inapendeza kwenye nyumba kama yako kuliko watu wanavyodhani. Ila nikeli huwasha ngozi za baadhi ya watu, wale ambao hereni za bei rahisi huwatoa upele. Kama uko kwenye kundi hilo, endelea hadi shaba.

Kuna jambo moja la shaba ya njano ambalo duka halitakuambia. Ya zamani, na hata nyingi za leo, imechanganywa na risasi, asilimia 2 au 3, ili ichongeke kirahisi. Ikiwa imetulia mwilini mwa koki si tatizo kubwa. Ukiipiga msasa, tope lako lina risasi, na risasi huharibu akili ya mtoto mdogo kwa kiasi ambacho jicho halioni. Ndiyo maana nimesema maji na sio vumbi, nje na sio jikoni. Sugua nje ya koki tu. Mdomo wa ndani na njia ya maji usiguse. Ukimaliza, pangusa tope lote kwa magazeti, weka magazeti, msasa na glavu ndani ya mfuko wa plastiki, funga, wapewe wabeba takataka. Usichome. Majivu yana magadi, na kromu ikipata magadi na moto pamoja hurudi kuwa ile njano tuliyoanza nayo. Vua nguo za kazi, zifue peke yake, oga kabla ya kumbeba mtoto.

Koki ikiwa safi, ing'arishe kwa dawa ya kusugulia shaba, ioshe kwa sabuni, ikaushe siku nzima. Shaba tupu hubadilika: wiki ya kwanza ni dhahabu, mwezi wa pili ni asali, mwaka ukiisha ni kahawia yenye vidole vya kila mtu. Kuna wanaopenda hivyo. Usipopenda, paka nta kila mwezi. Vanishi siipendekezi kwenye koki inayoloa kila siku, kwani inabanduka vipande na utakuwa umerudi ulikoanzia. Usisafishe kwa siki wala limau na kuacha zilale; maji ya ziwa yana chokaa kidogo kuliko ya visima vingi, kitambaa chenye maji ya sabuni kinatosha.

Wakati wa kurudisha ukutani, badilisha mpira wa ndani, ni kitu cha bei ndogo, na zungusha tepu nyeupe kwenye nyuzi kufuata upande unaokazia, mizunguko kama minane. Fungua maji taratibu, shika karatasi kavu chini ya kiungo uone kama inaloa. Kisha acha koki itiririke dakika tano, na kwa wiki ya kwanza kila asubuhi mwaga maji ya mwanzo kwa dakika moja kabla mtoto hajapigwa mswaki hapo. Hayo ya mwanzo yafae kudekia.